Roketi ya Salongo

Jumatatu, 3 Juni

Nimesahihisha karatasi ishirini na sita za mwaka wa pili. Mmoja ameandika kwamba Dunia inavuta vitu kwa sababu ina cheo kikubwa. Nimempa nusu alama kwa kunichekesha.

Halafu roketi. Boksi limetoka kwa Neema, mdogo wangu aliye ng'ambo. Bomba la karatasi ngumu, mapezi manne ya mbao nyepesi, pua ya plastiki, mwavuli wa nailoni. Injini hazimo. Wamezitoa uwanja wa ndege, kwa sababu ndege haibebi baruti. Gundi nayo imekauka. Nimepika uji mzito wa unga wa muhogo, ule wa kubandikia majalada ya madaftari. Mapezi yameshika barabara.

Prefe, mkuu wetu wa shule, ametangaza leo mbele ya walimu wote: opsioni ya sayansi, mchepuo wangu, itafungwa. Labda ipate wanafunzi kumi na tano wa kuanza mwaka wa tatu Septemba. Mwisho wa kujiandikisha ni siku ya kutangaza matokeo, tarehe 2 Julai, saa sita mchana. Sasa wako wanne. Ati wazazi hawajui fizikia inaliwa na nini. Mwalimu wa fizikia ni mimi peke yangu, na amesema hayo akiniangalia usoni.

Sitaki. Nitawaonyesha.

Jumatano, 5 Juni

Panya. Wamekula uji wote wa muhogo, na mapezi mawili wameyatafuna pembeni. Bomba limetobolewa. Nimesomea fizikia miaka mitano, nikabandika roketi kwa chakula.

Mama amecheka mpaka akakaa chini. Nimekasirika, kisha nikacheka, kisha nikakasirika tena.

Alhamisi, 6 Juni

Bomba la karatasi basi. Injini basi. Nimechukua chupa ya soda, ile ya plastiki. Maji theluthi moja. Kizibo nimekichonga kwa soli ya sandali iliyokwisha, nikakipitishia valvu ya baiskeli. Ukipampu, upepo unakaza ndani. Ukizidi, kizibo kinachomoka, maji yanasukumwa chini, chupa inapanda. Hakuna moto, hakuna mlipuko. Mapezi nimeyapunguza, nikayabandika kwa gundi ya fundi viatu. Pua na mwavuli vimehamia kwenye chupa. Panya waje sasa.

Mama hacheki tena. Alipoelewa kwamba nataka kuirusha mbele ya watu, alisimama mlangoni na sufuria mkononi.

"Ile kitu itoke mu nyumba yangu. Mi nilivuka ziwa na mimba yako juu ya vitu vya kuruka. Bantu ba hapa banajua kile kinaangukaka."

Nimemwambia si bomu, ni maji tu. Amesema hata ziwa ni maji tu. Hatujazungumza tena mpaka kulala. Inaniuma, lakini siachi.

Jumapili, 9 Juni

Baada ya ibada, jaribio la kwanza ufukweni. Ilipanda kama urefu wa nyumba, ikageuka, ikaenda ubavu kwa ubavu na ziwa, ikatua katikati ya ndagala walioanikwa na Mama Wilondja, jirani yetu. Nimeokota samaki mmoja mmoja huku akinitukana kwa Kibembe na kwa Kiswahili, asije akanikosa.

Kosa nalijua. Mbele ni nyepesi. Nimeweka udongo wa mfinyanzi ndani ya pua. Jioni imepanda wima mara mbili. Mama alikuwa anachambua majani ya sombe. Hakuinua kichwa, lakini kisu kilisimama mara zote mbili.

Jumatatu, 10 Juni

Nimemwomba Prefe ruhusa ya kuirusha uwanjani kwa shule, wazazi wakiwepo. Amekataa kabla sijamaliza sentensi. Hapa Fizi, anasema, mwalimu harushi vitu. Amesema pia kwamba msichana mwenye umri wangu angekuwa anafikiria ndoa.

Niliondoka bila kuaga. Njia nzima nilikuwa nikimjibu kwa sauti, watu wa pikipiki wakinishangaa.

Jumanne, 11 Juni

Uwanja wa shule ni wa Prefe. Uwanja wa mpira wa kartie, wa mtaa mzima, si wake. Na Jumamosi ni salongo: kila nyumba inatoa mtu na jembe, asiyekuja anaulizwa. Safari hii tunafyeka uwanja huohuo. Watu wote watakuwepo kwa amri, na Prefe pia, maana anakaa kartie yetu.

Nimekwenda kwa chef, mkuu wa kartie, na chupa, pampu na ndoo. Nimemrushia moja palepale nyuma ya nyumba yake. Ilimlowesha suruali. Aliiokota chupa, akaigeuza.

"Njo ile tu? Maji?"

"Njo ile tu, Papa Chef."

"Basi kwanza bantu bote babambie. Baaskari pia. Mutu asikimbie na batoto bure. Mukimaliza kulima, utaruka."

Nikamwambia mimi sitaruka, itaruka chupa. Amecheka. Kesho anakwenda mwenyewe kwa kamanda, na mpiga mbiu atapita asubuhi na jioni. Makanisa nimeyaendea mimi, na msikiti pia.

Jumamosi, 15 Juni

Niandike kabla sijasahau.

Tulifyeka kuanzia saa moja. Prefe alikuwa upande wa goli la chini, na jembe safi. Saa nne chef alipiga filimbi. Niliweka ndoo katikati ya uwanja. Watu walirudi nyuma, mbali kuliko nilivyotaka. Mama Wilondja alikuwa amekwisha kumfunga mjukuu mgongoni, tayari kwa mbio. Tangazo wamelisikia wote. Kusikia si kuamini.

Mara ya kwanza kizibo kilivuja. Pssss, basi. Kicheko uwanja mzima, na cha Prefe nilikitambua. Nilitaka ardhi inimeze. Nikachomoa kizibo, nikakifunga kwa kipande cha mpira wa ndani wa baiskeli, nikajaza maji upya. Nikapampu. Arobaini. Hamsini. Mkono ulikuwa unawaka.

Ilitoka kwa kishindo kidogo cha maji, na watu wakalala chini. Si wote, lakini wengi. Wazee kwa vijana, vifua kwenye majani tuliyokata, mikono kichwani. Hakuna aliyewaambia. Ni mazoea. Nilisahau kuangalia juu. Niliwaangalia wao.

Mama hakulala. Alikuwa amesimama peke yake kati ya watu waliolala, ameegemea jembe, uso juu.

"Muamuke!" alipiga kelele. "Muamuke, muone! Iko inashuka polepole!"

Nikaangalia. Mwavuli ulikuwa umefunguka. Chupa ilikuwa inashuka kwa madaha, ikidondosha matone. Mmoja mmoja waliinuka, wakijipangusa, wakichekana. Kisha wakaanza kelele: tena, tena! Nimeirusha mara sita. Mara ya mwisho Mama Wilondja ndiye aliyepampu, mjukuu mgongoni.

Baba mmoja, mvuvi, aliniuliza kama binti yake anaweza kujifunza kutengeneza vitu hivi. Nikamwambia ndiyo, mwaka wa tatu, opsioni ya sayansi, aandikishe jina kwa biro, ofisi ya shule. Nilisema kwa sauti ya kumfikia Prefe.

Jumatatu, 17 Juni

Barua ya maelezo imenifikia darasani, ile wanayoiogopa walimu wote. Ndani ya saa arobaini na nane nieleze kwa nini nimekaidi uamuzi wa mkuu wa shule.

Nimejibu ndani ya saa moja. Kwamba uwanja ni wa kartie. Kwamba chef aliruhusu na kamanda aliarifiwa. Kwamba nimefundisha sheria ya tatu ya mwendo kwa watu zaidi ya mia bila kuomba hata chaki. Sikuandika "samahani". Nilitafuta mahali pa kuliweka neno hilo, sikupaona.

Wako tisa sasa.

Ijumaa, 28 Juni

Kumi na tano! Majina niliyahesabu mara tatu kwenye daftari la biro.

Jioni: kumi na nne. Asukulu amefutwa. Kaka yake amemwita Misisi, kwenye mashimo ya dhahabu, na baba yao ameitika. Nilikwenda kwao nikabishana mpaka nikaonyeshwa njia. Mtoto mwenyewe alikuwa anafunga mfuko wake, hakuniangalia.

Jumanne, 2 Julai

Nimezunguka siku nne, nyumba kwa nyumba. Hakuna. Leo saa tano na nusu Prefe alikuwa ameketi na daftari wazi na saa mezani. Alikuwa anaifurahia saa yake. Mimi nilikaa kwenye kiti cha pili na nikakataa kuondoka.

Mama aliingia na nguo ya kanisani. Alitoa bahasha ya plastiki kifuani. Ndani mlikuwa na biletini yake ya matokeo ya mwaka wa pili, imekunjika, kona zimeliwa, muhuri bado unasomeka. Mwaka ule ule vita vilipotuvusha ziwa. Miaka yote hiyo sikujua kama anayo.

"Nilipita mwaka wa pili," alimwambia Prefe. "Asilimia iko pale. Wa tatu sikuanza. Andika."

Prefe alisema Mama ana miaka arobaini na minne. Mama akamuuliza sheria inasema wapi. Prefe akaigeuza biletini mbele na nyuma. Akaandika. Saa sita kasoro dakika nane.

Tulitoka nje. Nililia kando ya barabara mchana kweupe. Mama aliniambia niache, watu wataniona, na njiani tukanunua mkate.

Jumatatu, 2 Septemba

Darasa la mwaka wa tatu sayansi. Chumba cha mwisho, karibu na vyoo. Hakina mlango. Madawati manane.

Nimeita majina. La kumi na tano lilikuwa Riziki Echa. Katika maisha yangu sijawahi kumtaja mama yangu kwa jina, na hakuna mtoto wa hapa anayefanya hivyo. Kalamu ilisimama. Darasa lote lilinitazama, maana wote walijua. Nikalisema.

"Niko, Mwalimu."

Alikuwa amesimama wima, dawati la pili, daftari jipya mkononi. Nikaweka alama. Kisha nikaandika somo la kwanza ubaoni: vipimo.