Masuke Sita Juu ya Meko

Mjukuu wangu Salima,

Marahaba. Huku Njinjo tu wazima, na mbuzi wa shangazi yako amezaa mapacha. Unauliza mtu hujuaje Mungu anataka nini.

Baada ya vita vya Maji Maji, nikiwa mtoto na njaa imetuzidi, mbegu yetu yote ilikuwa masuke sita ya mtama, yaliyoning'inizwa kwenye moshi juu ya meko. Nililia yatwangwe. Mama aliswali adhuhuri, akabaki mkekani akimsikiliza Mungu.

"Mungu amesemaje?" nikauliza.

"Nitamsikiaje, nawe tumbo linapiga kelele?"

Akashusha suke moja, akanipikia uji, akarudi mkekani. Alipoinuka alisema, "Matano tunapanda."

Mtama ulioubeba kutoka huku likizo iliyopita ni uzao wa yale matano. Nami kabla ya kukaa mkekani huuliza kwanza nani hajala.

Bibi yako