Tochi ya Babu Sleiman

Jumapili, 12 Oktoba 2025
Zimebaki siku nne jela kongwe ya Matrah ifunguliwe kuwa makumbusho, na mie, mpangaji wa maonyesho, ndo kwanza nasoma daftari la wafungwa. Nimefika mwaka 1967, namkuta nani? Sleiman bin Khalfan. Babu yangu! Miaka yote ami Suud anatutambia ati babake alikuwa mkuu wa jela hii. Mpaka kwenye posa yangu alilisema! Nimecheka mpaka mlinzi kaja kuniangalia.

Jumatatu, 13 Oktoba
Kosa lake: kutembea usiku bila fanusi. Enzi hizo mzinga wa kuashiria usiku ukishalia, kila anayepita njiani lazima abebe fanusi. Babu kahamia huku kutoka Unguja juzi tu — kabeba tochi! Mpya, ya betri. Askari hawakutaka kusikia. Sheria imesema fanusi, khalas. Siku tatu ndani. Masikini, ugeni huo.

Lakini mbona wiki ya pili kakamatwa tena? Mara nne! Tochi ile ile!

Jumatano, 15 Oktoba
Nimemwambia ami. Kanikemea kwenye simu: nilifute jina, hotuba kashaiandika, na mamake atakufa kwa aibu. Hapo nimeogopa kweli. Mamake ndiye Bibi Masouda, mjane wa Babu; ana miaka sabini na nane, na nnampenda kuliko mtu yeyote.

Nimekwenda kwake Al Khoudh, nikamkuta anapika vitumbua. Hakushtuka hata! Mkuu wa jela alikuwa babake yeye Bibi, kasema. Suud alipokuwa mdogo alichanganya, akafurahi, wakamwacha. Na chakula cha wafungwa, kaniuliza, nnadhani nani alikuwa akikipeleka kama si yeye?

"Mara ya kwanza alikosea," kasema. "Hizo nyengine kamuulize mwenyewe." Na vitumbua anageuza, anacheka peke yake. Jamani, Bibi!

Nifute jina? nikamuuliza. Kanituma nimteremshie mkoba wake juu ya kabati. Mzito! Kilichomo hasemi.

Alhamisi, 16 Oktoba
Naandika kando ya pazia. Jina sikulifuta — daftari nimelifunika kitambaa tu. Ukumbi umejaa. Ami kashika maiki: marehemu baba yangu, mkuu wa jela hii… Makofi! Bibi kainuka kiti cha mbele. Kafungua mkoba. Tochi! Ya bati, kutu tupu — na inawaka, kaitia betri mpya! Kammulika ami usoni. Ami kashusha maiki. Bibi ananiita, kwa sauti, nikivute kitambaa watu wasome. Ami kanikazia macho nisithubutu. Bibi ananimulika mimi sasa. Naweka kalamu chini, nakishika kitambaa.