Mwanya wa Baba

Nyumbani, chumba cha nyuma,
Jumapili asubuhi.

Dada yangu,

Pokea salamu za mtu aliyekukasirikia na kukukumbuka kwa wakati mmoja. U hali gani? Kile kifua kinachokubana wakati wa baridi kimetulia? Shemeji na watoto wazima? Nasikia yule mdogo ameanza shule, na sijui hata anafanana na nani. Sisi huku hatujambo. Mama hajambo isipokuwa goti, na goti lenyewe unalijua, lilianza kulalamika kabla hujaondoka. Mimi sijambo. Na Baba hajambo. Usidhani kalamu imeteleza, nakuandikia tena: Baba hajambo, yuko sebuleni na fulana yake, anagombana na redio.

Najua utakachofanya ukifika hapo. Utaiweka barua chini na kusema kuna mtu amesimama nyuma yangu ananiambia niandike nini. Basi angalia kwanza jinsi ilivyokufikia. Haikupita posta, haina muhuri wa yeyote. Imeletwa na yule jirani yetu dereva wa lori anayevuka mpaka mara mbili kwa mwezi. Ameificha chini ya kiti pamoja na kiboksi kilichofungwa kwa kitambaa. Kiboksi usikifungue bado. Soma kwanza.

Dereva huyo huyo ndiye aliyetuletea ile video kwenye simu yake. Aliingia, hakukaa, akasema kuna kitu lazima tukione, ila tumpe Mama maji kwanza. Tukamwona mtangazaji wa kituo cha huko kwenu, uso kaukunja kama mfiwa wa kukodiwa, anasema mtabiri wa hali ya hewa aliyefanya kazi miaka ishirini na sita amepigwa risasi. Kosa lake eti alitabiri jua siku Mkuu wa nchi alipofungua daraja, mvua ikaja ikamlowesha Mkuu. Habari imetoka kwa watu wasioweza kutajwa. Nyuma yake wameweka picha ya Baba, ile ya tai ya mistari. Baba mwenyewe alikuwa amekaa kati yangu na Mama, bakuli la supu mapajani, anasikiliza habari za kifo chake. Aliuliza jambo moja tu, tena kwa kitembe, maana juu hakuwa amebakiwa na jino hata moja: nani kasema alitabiri jua? Yeye alitabiri manyunyu. Hilo ndilo lililomuuma.

Dada, habari yote ni meno. Meno ya mbele ya Baba yalikuwa yakicheza tangu mwaka jana, fizi zinatoa damu, na alivumilia mpaka siku ya daraja ipite kwa sababu hakutaka mwingine aisome hali ya hewa ya siku ile. Kesho yake daktari akang'oa yote ya juu. Unamjua Baba kwa kujipenda, mtu anayepiga pasi hata leso. Akaapa hatatokea kwenye televisheni na mapengo, na akatukataza tusimwambie mtu, hata wewe. Mimi ndiye fundi meno wa ukoo, kwa hiyo kazi ya kumtengenezea meno ya bandia ikaniangukia. Fizi lazima zipone kwanza ndipo uchukue kipimo, na Baba haponi upesi. Wiki sita hakuonekana popote. Wiki sita za supu, basi, ndizo walizoziita mauaji.

Na ile picha ya mtaa wetu, bila shaka uliiona, waliyoandika chini yake kwamba watu wamejifungia ndani kwa hofu? Ilipigwa siku Baba alipong'olewa meno. Aliyeipiga ni mpiga picha wao aliyekuja kwa ajili ya daraja, akiwa dirishani hotelini. Mtaa ulikuwa mtupu kwa sababu mvua ilikuwa ikinyesha! Itazame tena, michirizi ya maji inaonekana kwenye kioo. Hata mashuka ya Mama yako pale kwenye kamba, yamelowa chapachapa, maana siku ile sote tulikuwa hospitali na hakukuwa na wa kuyaanua. Manyunyu aliyotabiri Baba yalikuja, yakaendelea hadi siku ya pili, na wao wakayaita hofu.

Nilikasirika hadi nikaharibu kazi za wateja. Kinachonichoma si kwamba walikosea, kukosea kupo. Kinachonichoma ni kwamba hawakujisumbua. Kwa kuwa nchi yetu imefungwa, lolote litakalosemwa juu yetu linaaminika, na likizidi kuwa la ajabu ndivyo linavyowanogea. Tungekuwa watu wa kwingine wangepiga simu hospitali, wangeuliza hata muuza mboga. Juu yetu sisi, inatosha mtu asiye na jina kusema neno, na mwingine asiye na haya kulisoma.

Usinielewe vibaya. Sisemi kwamba huku ni kwema, na najua kilichokuondoa. Fundi saa wa pale kona alichukuliwa asubuhi mbele ya wateja, huu ni mwaka wa nne, na mkewe bado anafungua kibanda kila siku, anafagia, anafunga. Dereva aliwapelekea watu wa kituo hicho hicho cha huko kwenu jina lake na picha yake. Wakamjibu kwamba habari hiyo haina kitu kipya. Mtu kapotea kweli, hawana nafasi yake hata ya mstari mmoja! Nikimwona yule mama na ufagio wake nakosa pa kutazama.

Na watu wetu nao wana sehemu yao, usidhani nimewasahau. Nilimwendea bosi wa Baba nikamwomba atangaze sentensi moja tu, kwamba mzee anatibiwa meno. Akaniambia kituo hakina desturi ya kuwajibu wageni, na afya ya mtumishi ni siri. Nikamwambia siri hiyo imeshamuua mwenye afya. Akanionyesha mlango, kwa adabu zote.

Halafu tukakuona wewe. Dereva hakutaka kutuonyesha, Mama akamnyang'anya simu. Ulikuwa na nguo nyeusi, wamekukalisha kwenye kochi jeupe, unalia, na yule mtangazaji amekushika mkono. Mama akawa anaupapasa uso wako kwenye kioo mpaka picha ikakimbia. Baba aliinuka akaenda kusimama jikoni, akafungua bomba la maji bila sababu. Kuanzia hapo kila Jumamosi alikwenda posta kuu kwenye kile chumba cha simu, akapanga foleni na kitambaa mdomoni, akakupigia. Namba yako haikuita. Baadaye tukasikia ni haohao waliokushauri uibadilishe, kwamba simu ya kutoka nyumbani ni mtego. Jumamosi nne, Dada. Anarudi, anavua viatu, anasema labda mtandao.

Wiki ya saba meno yakawa tayari. Baba akavaa tai ya mistari, akarudi kwenye televisheni, akasoma hali ya hewa kama kawaida yake, na majirani wakapiga makofi madirishani. Tulisema sasa yamekwisha. Hazikupita siku tano dereva akarudi na video nyingine. Safari hii walikuwa na mtaalamu wa nyuso, sijui wanasomea wapi. Amechora duara jekundu kwenye kinywa cha baba yangu na kusema huyu ni mtu mwingine, serikali imetafuta anayefanana naye. Kisha wakakuuliza wewe. Ulitazama muda mrefu. Nami nilikuwa nikikuomba kwa sauti, kama vile ungenisikia. Ukasema hapana, huyu si baba yangu, baba yangu ana mwanya.

Siku ile nilikutukana matusi ambayo siwezi kuyaandika. Nilisema wamekununua kwa kochi. Mama akanikanya. Kesho yake bosi akamwita Baba, akamwambia uso wake sasa unazua maneno, akampeleka stoo kupanga kanda za zamani. Kwa hiyo kule kwenu ni maiti, na huku kwetu ni mtu wa stoo. Lakini stoo haimsumbui. Mchana na usiku anarudia lile moja, kwamba mwanawe wa kwanza kamtazama usoni na kumkana.

Sasa nifike kwenye lile lililonifanya nichane barua tatu kabla ya hii. Dada, wewe hukusema uongo. Mwanya niliuziba mimi.

Nilipokuwa napanga meno kwenye nta, Baba alikuja karakana, akakaa kwenye stuli yangu, akaniomba niuache mwanya kama ulivyokuwa. Nilicheka. Nilimwambia hakuna mteja anayeagiza meno mapya yenye nafasi katikati, watu watasema fundi kakosa jino. Akasema, mkubwa wangu ataniangalia hapo. Nikamjibu kwamba utamwangalia uso, si meno. Ukweli ni kwamba niliwaza televisheni. Niliwaza nchi nzima itaona safu ile iliyonyooka na kuuliza kazi ya nani. Nikasogeza meno mawili, nikayabananisha, nikaridhika nayo kabisa. Wale walidanganya wiki sita bila msaada wangu, na siwasamehe. Lakini siku ulipoulizwa wewe, jibu lako nilikuwa nimelitengeneza mimi kwa mikono hii. Nimewalaani wageni kwa sauti kubwa miezi hii yote ili nisisikie hilo. Nisamehe.

Fungua kiboksi. Hiyo plasta, chokaa nyeupe iliyoganda, ni nakala ya meno ya Baba mwenyewe, kipimo cha kumbukumbu nilichochukua siku moja kabla hayajang'olewa. Mwanya uupime kwa ncha ya kidole chako kidogo, kama ulivyokuwa ukifanya ukiwa mapajani mwake. Jino la pembeni utalikuta limemeguka. Alilimegua siku ya harusi yako akifungua soda kwa meno ili awachekeshe wakwe. Huyo mtaalamu mpe naye alichoree duara.

Nimemtengenezea meno mengine. Haya yana mwanya, nimeupima kwenye plasta hiyo hiyo. Unakumbuka mluzi wake wa kutuita ndani tukicheza barabarani, mmoja mrefu na miwili mifupi? Kwa meno yangu mazuri ulikuwa umemkatalia, akipuliza unatoka upepo tu. Juzi ameyavaa haya mapya, akasimama mlangoni, akapiga. Mama alitoka jikoni na mwiko mkononi, goti na yote.

Mpe dereva namba yako mpya. Hakuna mwingine atakayeiona. Jumamosi itakayofuata akisharudi, saa nne asubuhi, simu yako itaita. Tafadhali pokea. Baba amesema hatatamka neno, kwa kuwa watakwambia sauti huigizwa. Atapiga mluzi. Ukiwa bado humwamini, kata simu, na sitakuandikia tena juu ya jambo hili. Ukimjua, mwitikie kama tulivyokuwa tukiitika, "Nakuja, Baba!" hata kama huwezi kuja.

Nisalimie Shemeji na umwambie deni la matani liko palepale. Wabusu watoto, hasa huyo nisiyemjua sura. Mama anasema ujifunike kifua. Baba hajatuma salamu, anazitunza za Jumamosi.

Ni mimi mdogo wako,
fundi meno.