Rangi Mpya ya Gari la Lyle

Chicago, 20 Januari 1956

Baba,

Nyundo. Watu wako sebuleni wanakula nyama ya nguruwe na viazi, mchungaji amemshika Mama mkono, na kutoka gereji inasikika nyundo yako ikinyoosha fremu ya gari la mbio lililomuua kaka yangu Lyle, saa chache tu baada ya kumzika. Viatu vyako vilikuwa bado na udongo wa kaburi. Hata leo maktaba ikinyamaza, naisikia.

Shikamoo. Natumaini u mzima, na kwamba uvimbe wa mguu wa Mama umepungua. Mimi sijambo, masomo ya vyuma yanakwenda vizuri.

Mama ameniambia kwa simu kwamba gari umelipaka rangi nyekundu, namba 27 umeifuta ukaandika 8, na kwamba Aprili Duane atashindana nalo kwenye uwanja wa mbio wa Harker. Desturi naijua. Gari likiua linanyooshwa, linapakwa rangi, linapewa namba ngeni, na kuanzia hapo ni mwiko kutaja lilikotoka. Nimekua nikiyaona. Lakini maiti wale walikuwa wa watu wengine.

Duane ana miaka ishirini na moja. Ndiye kaka pekee niliyebaki naye. Jenga fremu mpya. Kama huwezi, basi mwekee hata upinde wa chuma juu ya kichwa, umkinge gari likipinduka.

Mwanao,
Verlene

*

Indiana, 2 Februari 1956

Binti yangu Verlene,

Marahaba. Sisi huku wazima, theluji imefika madirishani. Mguu wa mama yako uko vile vile, ila mdomo umepona kabisa.

Chuma hakina kosa. Lyle aliingia kona ya tatu kwa pupa, basi. Fremu nimeinyoosha kwa mikono yangu, na hakuna fundi wilaya hii atakayekuonyesha palipopinda.

Huo upinde wako niliwatajia wenzangu. Unajua walisema nini? "Anayetaka kizimba akafuge kuku." Walicheka mpaka wakamwaga kahawa. Unataka ndugu yako achekwe hivyo?

Bwana Kessinger, yule tajiri wa mahindi ya makopo, amesema Duane akishinda Aprili atamtafutia gari la kushindana kwenye zile mbio kubwa za Indianapolis mwezi wa Mei. Mei hiyo nimeingoja tangu hujazaliwa. Wewe soma vitabu vyako. Ya gereji niachie.

Baba yako

*

Chicago, 11 Februari 1956

Baba,

Shikamoo. Mpe Mama pole ya mguu.

Unasema Lyle aliingia kwa pupa. Maiti hawezi kukujibu, kwa hiyo nitajibu mimi. Agosti, mezani, mbele yangu, alikwambia gari linavuta kulia akiachia kanyagio la mafuta. Kulia, Baba, upande wa ukuta. Ukamwambia akaze mkono, ukaomba upewe chumvi. Je, uliwahi kutafuta kwa nini linavuta?

Kuna jambo jingine sijakusamehe. Siku ile ya ajali mlinzi wa geti la mafundi alinizuia. "Wanawake hawapiti, dada. Mnaleta mkosi." Lyle amelala upande wa pili wa waya, namwona viatu tu. Ukatoka wewe, nikadhani umekuja kuniingiza. Ukaniambia, "Rudi kwa mama yako, usituaibishe."

Gari lililoua linafunguliwa geti. Mkosi ni mimi!

Nijibu swali langu.

Mwanao,
Verlene

*

Indiana, 3 Aprili 1956

Verlene,

Hujambo? Sisi tu wazima. Nilikaa kimya kwa sababu kila nilichoandika kilikuwa matusi, na mama yako hakukubali kununua stempu ya matusi.

Juzi Duane alilijaribu gari kule Harker. Mbio zake sijapata kuona. Najua utauliza, kwa hiyo nasema mwenyewe, sitaki kuitwa mwongo na mwanangu: ndiyo, linavuta kulia kidogo akiachia mafuta. Kila gari la mbio za uwanja wa udongo lina tabia yake. Nimemwambia akaze mkono.

Shindano ni tarehe 15. Ijumaa tunakwenda Indianapolis na mama yako kumwona Kessinger, tutarudi Jumapili. Ukitaka kuja kumshangilia ndugu yako, njoo. Ukitaka kuleta kilio, baki huko.

Baba yako

*

Gerejini kwako, Jumamosi 7 Aprili 1956

Baba,

Shikamoo. Hali yako leo siulizi; najua itakuwaje ukimaliza kusoma.

Nimefika kwa treni ya asubuhi. Nilimkuta Duane jikoni anakula mayai. Nikamwuliza gari linavuta vipi.

"Dada nawe! Linavuta kulia kama ng'ombe aliyeona maji."

"Lyle alisema linavuta huko huko."

Akaacha kutafuna. "Lini?"

"Agosti. Alimwambia Baba, mezani."

Hukumwambia. Mimi nilidhani anajua na anajitia ujasiri tu, kumbe mwiko wenu umemziba masikio. Kwa kuogopa kutaja namba ya zamani mmemficha mtoto neno la mwisho la kaka yake kuhusu gari analopanda.

Nikaenda gereji, nikafungua mitungi, nikawasha tochi ya gesi. Kukata chuma ulinifundisha wewe, milango ikiwa imefungwa ili majirani wasione msichana anafanya kazi ya kiume. Duane akanifuata mbio.

"Verlene, zima! Baba atakuua!"

"Mwambie apange foleni."

"Mei yangu hiyo! Wewe mwanamke una wivu, una roho mbaya, hujawahi kutaka mtu ashinde!"

"Tukana, Duane. Endelea kunitukana mpaka uzeeke."

Alipiga teke gurudumu, akalia, akaondoka. Amesema hana dada. Nimekubali.

Fremu nimeikata vipande sita, na kila kipande nimekikata pasipoweza kuungika. Saa nane Bwana Pruett wa vyuma chakavu alikuja na lori, akavichukua vyote. Injini uliyoishusha kuisafisha ipo juu ya meza, sijaigusa. Wala mwenzako yeyote hakunisaidia. Ukitafuta wa kulaumu, usiwasumbue.

Narudi Chicago jioni hii. Ukijenga fremu mpya, ijaribu mwenyewe kwanza. Ukiinyoosha nyingine ya marehemu, nitarudi.

Mwanao,
Verlene