Wimbo wa Saba wa Baba

Columbus, 20 Agosti 2025

Dada Fides,

Shikamoo. Habari za Buffalo, na mgongo wako unaendeleaje? Mimi mzima, kazi za ghala tu zinanichosha.

Dada, nimepata kitu kwenye simu, msaidizi wa akili bandia anayetunza orodha ya matamasha yote niliyohudhuria. Unamwambia ulikwenda wapi, anakuuliza maswali mawili matatu, kisha anakuandikia utadhani alikuwa kando yako. Nimefikisha arobaini na moja.

Sasa usinigombeze. Baba alinipigia kuuliza kama nilifika Louisville kwenye tamasha la kwaya yake. Nikasema nilifika, nilisimama nyuma karibu na mlango, nikawahi kuondoka kwa ajili ya zamu. Akataka nimwandikie nilivyoliona. Basi nikampa msaidizi ratiba na picha ulizonitumia, akatoa ukurasa mzima, mtamu kweli. Nimemtumia Baba, na nakala yako hii hapa. Tarehe 14 Oktoba anafanyiwa ile operesheni ya koo, na hataimba tena. Mwache aingie hospitali na furaha yake.

Mdogo wako,
Dionizi

Buffalo, 2 Septemba 2025

Dionizi,

Salamu nimezipata, mgongo unauma kama kawaida. Nakuandikia kwa mkono wangu, maana sina karani.

Nakala yako nimeisoma nikiwa nimesimama jikoni. Eti machozi yalikulengalenga. Yako au ya simu? Mtu hata kumlilia baba yake anaagiza mwingine amlilie. Mshipa wa aibu ulikukatika lini?

Na huyo karani wako ni mjinga kama wewe. Ameandika kwamba kwenye wimbo wa saba sauti ya nne iliingia nzito, ukumbi mzima ukasimama. Wimbo wa saba haukuimbwa, Dionizi. Ulikuwa kwenye ratiba kwa sababu Baba alikutegemea wewe. Tangu tukiwa kambi ya wakimbizi, wimbo ule yeye anaita na mtu mmoja wa sauti ya nne anamwitikia, na mtu huyo ni wewe. Alikuachia nafasi mwisho wa mstari, sare yako imekunjwa juu ya kiti. Alipofika hapo akakitazama kile kiti, akautazama mlango, kisha akawaambia waende wa nane. Mlango ule ule unaosema ulisimama karibu nao.

Amenipigia. Sauti inakwaruza, unaambulia neno moja moja. Hakutukana. Aliniomba nimsomee tena hapo penye wimbo wa saba, nikamsomea, akauliza, "Alikuwa wapi?" Ulikuwa wapi?

Dada yako,
Fides

Columbus, 19 Septemba 2025

Dada Fides,

Shikamoo. Natumaini mgongo umepata nafuu.

Nilikuwa uwanjani kwenye tamasha la muziki, hapa hapa Columbus, na jamaa zangu wa Westerville. Tiketi tulikata tangu Januari. Nilijua Baba anaimba mara ya mwisho, nikajiambia kwaya za kanisa haziishi, tamasha lingine litakuja. Hilo la uwanjani limeandikwa vizuri sana kwenye orodha, namba arobaini, na nikilisoma sikumbuki hata wimbo mmoja.

Nilimwambia msaidizi kwamba wimbo wa saba haukuimbwa. Akaomba radhi kwa adabu, akaniletea ukurasa mpya: wimbo wa saba umeondolewa, machozi yamehamishiwa wa nane. Nilijidharau, dada.

Naona haya kumpigia Baba. Nitakuja Novemba tukipewa likizo, nimwombe msamaha uso kwa uso.

Mdogo wako,
Dionizi

Buffalo, 27 Septemba 2025

Dionizi,

Salamu utazikuta Louisville.

Novemba utamwomba msamaha, na yeye atakujibu na nini? Au umtafutie naye karani? Baba amebakiwa na siku kumi na saba za kuwa na sauti. Maneno yako hayahitaji, mazuri umeshampelekea ukurasa mzima. Kuna wimbo mmoja hakuuimba. Panda basi, na barua hii usiijibu ukiwa Columbus.

Dada yako,
Fides

Louisville, 12 Oktoba 2025

Dada Fides,

Shikamoo. Nilifika jana mchana. Baba anakusalimia kwa mkono, maneno anayabania.

Alinifungulia mlango, akanitazama juu mpaka chini, habari za safari hakuniuliza. Akanitupia sare. Nikaivaa juu ya fulana, imenibana. Akanisimamisha kando ya jiko, akashika mgongo wa kiti, akaita. Nusu ya mstari haikutoka, dada. Nikaitikia. Akapiga meza: "Chini zaidi. Tena." Tuliurudia mara nne, na kila mara sauti yake ilipungua, huku akinitazama kama mtu asiyefaa kitu. Mara ya tano hakuita. Aligonga mapigo kwa vidole mezani, nikauimba peke yangu, sehemu yake na yangu, mwanzo mpaka mwisho. Akaketi. Akasema, "Sasa umeimbwa."

Kama amenisamehe, hajasema. Keshokutwa saa kumi na mbili asubuhi tunampeleka hospitali, anataka uwepo, kwa hiyo barua hii naipiga picha nikutumie leo kwa simu.

Leo tulipotoka ibadani simu iliniuliza, kama inavyouliza kila Jumapili, kama wiki hii nimehudhuria tamasha lolote. Nimeijibu hapana.

Mdogo wako,
Dionizi