Nafasi ya Sita

Ijumaa, 14 Machi

Samaki wa Kwaresima kanisani, kwenye ukumbi wa chini. Mimi ndiye mkaangaji, mwaka wa kumi na tisa sasa. Foleni ilifika mlangoni. Na nani kwenye foleni, sahani mkononi? Russ Pettibone, skauti, msaka vipaji wa timu ya kulipwa ya Toledo! Kaendesha gari kwa muda wa saa nne. Si kwa ajili ya samaki.

Tulikaa pembeni, karibu na mashine ya kahawa. Mwezi ujao timu za kulipwa zitapokezana kuchagua vijana wa vyuo, raundi kwa raundi, mbovu kuliko zote ikianza, na Toledo ni ya sita. Akauliza kama wanavyouliza wote. "Kocha, weka ubaba kando kidogo. Tanner yuko tayari?"

Nimefundisha mpira wa Kimarekani katika bonde hili miaka thelathini na moja. Maskauti wote wanaopita Pennsylvania wanajua kwamba Denny Havrilla hawapambi vijana wake kwa sifa. Ukimsifia mmoja ambaye hajaiva, hakuna atakayerudi kumtazama wa pili. Vijana kumi na saba wa hapa wameenda vyuoni kwa neno langu. Kwa hiyo nikamwambia kweli, kama ambavyo ningemwambia kuhusu mtoto wa jirani.

Mkono anao. Moyo anao. Lakini chuoni kaanza mechi kumi na nne tu. Kwotabeki ndiye anayeendesha timu nzima, lazima awasome wapinzani kumi na mmoja kabla hawajasogea, na Tanner bado anawasoma watano. "Mchukueni raundi ya pili," nikasema. "Mkalisheni benchi miaka miwili ajifunze. Mkimvuta juu, mkamchukua kwa nafasi yenu ya sita, mashabiki watataka kumwona wiki ya kwanza. Na ukuta wenu wa mbele, hao wa kumkinga, unavuja, Russ. Mtamvunja."

Russ akaacha kutafuna. "Baba mwingine angeniambia ni malaika."

"Malaika haangushwi na watu wa kilo mia na arobaini."

Tukacheka. Akaongeza samaki.

Nyumbani mke wangu Darlene kaniuliza Russ alitaka nini. Nikasema samaki.

Jumapili, 20 Aprili

Pasaka. Tanner yuko nyumbani. Kala nyama ya nguruwe kama mtu aliyefungwa jela, mama yake anamtazama tu na kutabasamu.

Kaniambia Toledo wamempigia simu mara nne wiki hii. "Mara nne, Baba!" Watangazaji wote wanasema ni wa raundi ya pili, na kwamba anayemchukua mapema atakuwa amekurupuka. Yeye anasema acha wakurupuke. Timu isiyo na kwotabeki haina kitu, na ukingoja raundi ya pili mwenzako anakuchukulia. Sawa, hata mimi najua hesabu hiyo. Kila mwaka kuna tajiri mwenye timu anayeogopa kuwahiwa kijana anayemtaka.

Nilipaswa kumwambia pale pale, mezani. Nikaomba nipitishiwe viazi.

Ijumaa, 25 Aprili

Nafasi ya sita. Jana jioni. Siamini hata ninapoandika.

Walikuwa watu arobaini kwenye chumba chetu cha chini. Darlene na dada zake walipika siku mbili, meza nzima ya biskuti kama harusi. Ilikuwa raundi ya kwanza tu, tulijua si usiku wake. Tulikuwa tunatazama tu, tujizoeze kwa ajili ya leo, raundi ya pili. Nafasi ya nne, beki. Ya tano, beki. Halafu simu ya Tanner ikaita. Akasema, "Ndiyo, bwana. Ndiyo, bwana. Asante, bwana." Akaiweka chini na kujifunika uso.

Nyumba ikalipuka kwa shangwe! Darlene alipanda kwenye kochi na viatu vyake. Mimi nililia. Watu wakanipigapiga mgongoni — kocha mzee analia kwa furaha, mwacheni. Ilikuwa furaha, siwezi kukana. Kijana wangu! Lakini nusu yake ilikuwa hofu tupu, na hakuna wa kumwambia.

Asubuhi hii ujumbe kutoka kwa Russ. Maneno mawili. "Nilijaribu, Kocha."

Nimeufuta.

Jumamosi, 10 Mei

Amejua.

Tanner alikuja na gari kuchukua vitu vyake. Nikatoka kumsaidia na boksi, akalishika kabla yangu. Huko Toledo walikuwa na chakula cha kumkaribisha, na meneja wa timu alisimama na glasi yake kusema maneno ya utani. Kwamba wao walimwamini kijana huyu kuliko hata baba yake mzazi! Watu wote mezani wakacheka. Tanner naye akacheka, afanyeje? Halafu akamfuata meneja pembeni, na meneja, kwa nia njema kabisa, akamsomea ripoti ya Russ. Samaki, ukumbi wa kanisa, kila kitu.

"Uliwaambia wasinichukue," akasema.

"Niliwaambia raundi ya pili."

"Kuna pesa za nyumba nzima kati ya nafasi ya sita na raundi ya pili! Nyumba ya kumnunulia mama!"

"Tanner, ukuta wao —"

"Usinieleze ukuta. Nimeuona ukuta. Ulikuwa baba yangu au skauti wao, hicho tu ndicho nauliza."

Nilisema nilikuwa namlinda. Akasema watu wanaolindwa huambiwa.

Tangu ana miaka kumi na minne tulikuwa na makubaliano. Uwanjani ni Kocha, tukishafunga mlango wa gari ni Baba. Hakuwahi kukosea hata siku moja. Leo alipowasha gari aliteremsha kioo na kusema, "Haya, Kocha." Akaenda.

Darlene alikuwa amesimama barazani. Kasikia yote. Kaniuliza kitu kimoja tu. Kwamba siku ile niliposema samaki, nilikuwa nimeshajua nimefanya nini? Nikasema nilikuwa nimefanya kazi yangu. Akaingia ndani.

Jumatatu, 12 Mei

Nimejiuliza swali baya zaidi. Ilikuwa wivu? Mimi mwenyewe nilikuwa kwotabeki, chuo kidogo, hakuna skauti aliyewahi kula samaki kwa ajili yangu. Nimelitafuta hilo moyoni mwangu kila kona. Sidhani. Lakini mtu anayejipekua mwenyewe huwa anaruka mifuko.

Jumapili, 7 Septemba

Mechi ya kwanza. Wamemchezesha, kama nilivyosema. Darlene kaenda Toledo peke yake, tiketi aliyotumiwa ni moja. Mimi na televisheni.

Kaangushwa mara sita. Kila mara alinyanyuka na kuwapigapiga helmeti wale wanaopaswa kumlinda. Hakumlaumu mtu. Hilo nilimfundisha mimi.

Nimemwandikia ujumbe. Hakujibu.

Jumapili, 28 Septemba

Mara tano. Kinyozi leo ananiambia, kijana wako anaonekana mwoga siku hizi, anarusha kabla ya wakati. Si woga! Ni hesabu. Mtu akipigwa wiki nne mfululizo, mwili unaanza kujua pigo liko njiani. Kitu hicho kikishaingia hakitoki. Ndicho nilichokuwa nakiogopa, na sasa nakiona kwenye kioo kikubwa cha televisheni, sebuleni kwangu, na tangazo la bia kila baada ya dakika nne.

Nilimjibu kinyozi vibaya. Nimeondoka kichwa kimenyolewa nusu.

Jumapili, 19 Oktoba

Bega. Bega la kurushia.

Dakika za mwisho kabla ya mapumziko. Mlinzi wake wa kushoto aliteleza, mtu wao akapita bila kuguswa, na Tanner alikuwa anatazama upande wa pili. Hakumwona. Akaangushwa, mkono ukabaki chini yake.

Si hilo lililoniua. Wakati wanamtoa akitembea, ameshika mkono kama kifurushi, kwotabeki wa akiba akaanza kupasha misuli. Na uwanja ukashangilia. Watu elfu sitini. Hawakumshangilia yule anayetoka. Walimshangilia anayeingia.

Darlene alikuwa katikati yao. Kanipigia, kwanza nasikia tu makelele nyuma yake. Mwishowe akasema, "Ulikuwa sahihi, Denny. Umefurahi?" Halafu akasema samahani. Halafu akasema, "Njoo."

Ningetoa miaka yote thelathini na moja nionekane mjinga leo.

Jumatatu, 20 Oktoba

Toledo. Hospitali, ghorofa ya tatu, kwenye kiti cha korido. Naandika kwa kalamu ya muuguzi.

Wamempasua alfajiri. Daktari anasema mwakani atarusha. Hakusema kama zamani. Darlene yuko ndani. Mimi sijaitwa, nami sijabisha. Mara moja nilimsikia Tanner akiuliza nani yuko nje, na Darlene akamjibu kwa sauti ya chini. Hakuna aliyekuja kunifungulia.

Saa nne akatokea Russ Pettibone. Macho mekundu, tai imelegea. Kanishika mkono muda mrefu. Kasema nisamehe, Kocha, ripoti haikupaswa kutoka mikononi mwangu. Namwamini. Tulikaa kama watu wawili msibani.

Halafu akasogea karibu.

"Tumepoteza mechi sita kati ya saba. Mwakani tutachagua wa pili, labda wa kwanza. Mwenye timu kashaanza kumtaja Roskovich."

Roskovich! Kwotabeki wa bonde la pili, sasa yuko chuoni. Alinifunga nusu fainali mbili. Namjua tangu anavaa helmeti kubwa kuliko kichwa.

"Russ, mwanangu yuko nyuma ya mlango huu."

"Najua. Na naona aibu. Lakini nimuulize nani mwingine? Wote watanidanganya. Niambie tu. Yuko tayari?"

Kaenda kunitafutia kahawa ili nifikiri.

Sina cha kufikiri. Hayuko tayari. Ana mkono, anawasoma watano kama Tanner, na ukuta ni ule ule. Nikisema hivyo, watasema mzee analinda nafasi ya mwanawe. Tanner atarudi kusimama nyuma ya ukuta ule na bega lililoshonwa. Nikisema yuko tayari, Tanner atakaa benchi, atapona, atajifunza taratibu — yote niliyomwombea Machi. Na mama Roskovich atakaa kwenye uwanja huu huu akiwasikiliza wakishangilia.

Muuguzi katoka sasa hivi na sinia, kaacha mlango nusu wazi. Televisheni ilikuwa inaongea humo ndani tangu asubuhi. Mtu ameizima; sasa kila neno la hapa koridoni litasikika kitandani kwa Tanner.

Russ huyo anarudi, kikombe mkono huu na huu.