Kwa Tata Tshibangu, Aliyejenga Nyoka ya Manika

Mwaka umezunguka, tata, baba yangu, tangu asubuhi ile niliyoiona kle yako ikining'inia peke yake.

Nilikuja stesheni na bukari na sombe, sufuria nimeifunga kwa kitambaa ili chakula kikukute kingali moto. Kitu cha kwanza nilichoona ni ile kle, ufunguo wako mkubwa wa boliti, kwenye msumari wa kibanda chenu kando ya reli. Sikuwa bado nimeona kwamba kibanda ni kitupu. Sikuwa nimeona kwamba mabehewa hayapo. Niliona kle, nikajua. Hukuwahi kwenda mahali bila kle. Hata kanisani uliiweka mfukoni, na mama alikukemea kwamba inatoboa suruali.

Treni ilikuwa imeondoka alfajiri. Mpaka leo hatujui kaburi lako liko wapi. Tunaandika kukukumbuka, na tunaandika pia ili anayejua atuambie.

Ulizaliwa hapa Kolwezi. Baba yako ndiye aliyetoka Kasai kuja kuchimba shaba. Wewe Kasai hukuwahi kuiona. Ulikuwa seremala wa kampuni. Walipotaka mahali pa kuchezea watoto wa wafanyakazi, walikupa reli nyembamba zilizochoka migodini, vigari vya kubebea mawe na magogo ya mikalitusi. Ukajenga reli inayopanda kilima cha mbao, inashuka kwa kasi, inapinda, inapanda tena, inapinda, mpaka inarudi ilikoanzia. Kwenye karatasi za kampuni ilikuwa na jina refu la Kifaransa. Watoto wa Manika, mtaa wetu, waliiita Nyoka.

Winchi iliwavuta watoto mpaka juu. Kushuka, Nyoka ilijishusha yenyewe. Na pale chini ulisimama wewe kwenye breki, mpini mrefu wa mti uliousukuma kwa kifua chako chote, mpaka vigari vikasimama mbele ya ngazi, polepole, kama mtu anayelaza mtoto.

Kila kiangazi uliajiri vijana wa likizo. Mmoja alikuwa wa winchi, mwingine wa tiketi, mwingine wa grisi. Stany alikuwa wa mishipi. Uliwafundisha kwa utani, hukumpigia mtu kelele.

"Stany, huyu umemufunga namna gani? Mufunge kama mutoto ya mama yako."

"Tata, huyu iko mwembamba sana. Mushipi inamupita."

"Basi mufunge mara mbili. Na akishuka, umupe mukate."

Yule mwembamba alikuwa mtoto wa jirani yetu, mama Laurentine. Alikuja kila siku. Tunadhani alikuja kwa ajili ya mkate pia.

Na ulikuwa na desturi yako. Kabla ya kufungua kiangazi, ulizungusha kwanza vigari vikiwa na magunia ya mchanga. Baada ya mchanga, mtu wa kwanza kupanda alikuwa wa nyumbani kwako. "Wa kwangu atangulie," ulikuwa ukiwaambia wazazi waliopanga mstari. "Nyoka ikiwa na njaa, imeze wa kwangu." Watu walicheka. Na wa kwako nilikuwa mimi, niliyekuwa nikikimbilia jikoni mgeni akipiga hodi. Nilikaa kigari cha mbele peke yangu, watu wote wakinitazama. Nikifika chini uliniuliza, "Uliogopa?" Nilitikisa kichwa. Ukageuka kwa watu ukasema, "Munaona? Mufungue mulango."

Halafu bei ya shaba ilianguka. Mishahara ikachelewa, ikaja nusu, ikaacha kuja. Mimi niliacha shule nikiwa darasa la nne. Kiangazi kilikuja na winchi haikuwashwa, na watoto walisimama nje ya uzio wakiangalia. Lakini wewe kila mwezi wa tano ulikwenda na mkebe wako kupaka magurudumu grisi.

"Unapaka mafuta kitu imekufa," mama alikuambia, "na sisi tunakula majani bila mafuta."

"Haijakufa, Henriette. Inalala."

"Basi ilale na wewe kule."

Ulicheka, ukaenda. Ukarudi jioni na grisi mpaka kwenye nyusi, na mama akakupashia maji.

Tata, wenyeji wa Katanga walipoanza kusema watu wa Kasai warudi kwao, hukuamini. Walipoanza kutuita bilulu, wadudu, ulisema ni vijana, watachoka. Walipovunja mlango wa kwa mama Laurentine, ulikwenda kuutengeneza. Siku iliyofuata walivunja wa kwetu.

Mama ni wa Musumba, hapa hapa Katanga. Kaka yake, mjomba Gracien, alitufungulia nyumba yake na kuwaambia watu kwamba mimi na mdogo wangu Mado ni watoto wake. Wewe hakuweza kukuficha, kila mtu Manika alikujua. Ulikwenda stesheni na wengine kungoja treni. Ulisema utatangulia, utatafuta nyumba, utatuita. Treni haikuja. Mvua ikaja. Watu walilala chini ya mabati, chini ya meza, chini ya milango waliyoing'oa kwao, na watoto wakaanza kuhara na kufa.

Ndipo ulipoanza kuibomoa Nyoka. Ulianzia kona ya mwisho, kwa maana ulisema mbao iliyopigiliwa mwisho ndiyo inayotoka kwanza, la sivyo yote inakuangukia. Ulifungua boliti moja moja, nami nikakusaidia kubeba. Ulikata mbao ukatengeneza masanduku madogo.

Siku moja Stany alitukuta pale, na vijana wenzake, kitambaa kimefungwa kichwani.

"Tata Tshibangu, hii kitu haiko yenu. Iko ya Katanga. Mulishaambiwa muache yote."

"Reli nimeacha, Stany. Breki nimeacha. Nabeba mbao tu."

"Za kupikia?"

"Mutoto wa Laurentine amekufa asubuhi. Yule ulikuwa unamufunga mara mbili."

Wenzake wakacheka. Mmoja akasema, "Bilulu nabo banazikwa na sanduku?" Stany hakucheka. Alishika upande wa pili wa ubao wako, akaubeba nawe mpaka kwenye uzio, akauweka chini, akarudi kwa wenzake. Hukumwambia asante, naye hakukutazama. Kutoka pale mpaka stesheni niliubeba mimi.

Treni ilipokuja, kilichobaki cha Nyoka kilikuwa kile kilima cha kwanza tu. Mengine yote yamo ardhini, nyuma ya stesheni, na watoto wa watu ndani yake.

Tata Tharcisse, mfanyakazi wa reli, alirudi na treni hiyo akatutafuta mpaka akatupata. Alituambia mlipakiwa kwenye mabehewa ya wazi, yale ya kubebea mawe ya shaba. Wewe uliyekuwa hukubali mtoto akae bila mshipi, ulikaa juu ya mizigo ya wenzako, mvua ikikunyeshea, na kifua kikakubana. Ulifia njiani, kati ya Luena na Bukama, treni iliposimama kwa kukosa mafuta. Mama Laurentine alikufunika kwa kitenge chake. Wanaume walichimba kando ya reli kwa sahani na vipande vya bati. Kisha treni ikapiga honi, wakakimbia kupanda. Tharcisse alikuwa mbele kwenye injini. Mahali penyewe hakupaona.

Ulitengeneza masanduku ya watoto wa watu, wewe ukazikwa bila hata ubao mmoja.

Mama alitaka kwenda kufuata reli kwa miguu. Mjomba alimzuia, akasema, "Henriette, njia yote imejaa makaburi, utamujua wako kwa alama gani?" Sasa mama hazungumzii tena kwenda. Kile kilima cha kwanza nacho watu wamekibomoa wapate kuni, reli zimeuzwa. Tukipita pale tunaona mashimo ya nguzo, yamejaa maji.

Kwa hiyo tunaomba. Uliyekuwa kwenye treni hiyo, uliyeshika sahani ukachimba, kama unakumbuka mti, jiwe, au nyumba ya reli iliyokuwa karibu, mwambie mtu anayekuja Kolwezi. Mama Laurentine, kama uko hai, tuambie. Hatuna matumaini makubwa. Tunaomba tu.

Mjomba alituonya tusiandike jina lako, kwa sababu ya majirani. Mama alisema liandikwe lote. Basi tumeliandika, na langu pia tumeliandika, lile ulilonipa, ingawa hapa nyumbani sasa wananiita Rachelle.

Tunaokukumbuka ni mke wako Henriette. Binti zako Tshibola na Mado. Shemeji yako Gracien na nyumba yake yote. Mado ameanza kusahau sura yako, nasi tunamwambia kila Jumapili. Siku zote tutakazobakiwa nazo, tata, utakuwa ndani yake.

Kle iko kwangu. Mama anadhani uliiacha ili isiibwe njiani. Mimi nadhani uliona hakuna tena kitu cha kukaza.

Na lile uliloniuliza kila kiangazi, pale chini, mbele ya watu, sikukujibu kweli. Niliogopa, tata. Kila mara niliogopa, nilifumba macho tangu juu. Nilipanda kwa sababu kwenye breki ulikuwa wewe.